UZI: Lita hamsini za maji kwenye godoro la kawaida, ziwekwe wapi?

Fundi_Makochi (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi wa makochi, karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, Nairobi. Kukata sponji ndiyo kazi yangu ya kila siku, lakini hili ninaloleta hapa lilianzia nyumbani.

Mama yangu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, hawezi kujigeuza, na analala kwenye kitanda cha tatu kwa sita chenye godoro la sponji nzito (HD) la inchi sita. Dada yangu ndiye anayemwosha. Siku moja akaniita chumbani, akanionyesha doa juu ya mfupa wa mkia: jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, lina joto, na limekaza ukiligusa. Tulimpeleka zahanati siku hiyohiyo, na tangu hapo tunamgeuza kwa kufuata saa, usiku na mchana. Lakini kila nikilitazama lile godoro moyo uliniuma. Watoto wangu wanasoma kwa pesa ya sponji, na nyanya yao amelala juu ya kitu kinachomuumiza.

Nikaamua kutengeneza tabaka la maji. Sikutaka kitanda kizima cha maji. Nilitaka tabaka tu, la kulala juu ya godoro lile lile alilonalo. Nilinunua plastiki laini ya PVC, ile ya kutandika juu ya meza inayouzwa kwa mita, nikaiunganisha kwa moto nikapata mfuko mmoja wa ukubwa wa godoro, nikautia maji ya kina cha sentimita tatu. Sentimita 91 mara 183 mara 3 ni kama lita 50, yaani mitungi miwili na nusu. Chaga za kitanda zilibeba bila kulia.

Haukufaa. Mama alipolala, maji yalikimbilia miguuni na kichwani ambako hakuna uzito, na nilipopenyeza mkono chini ya nyonga zake nikakuta plastiki ya juu imegusana na ya chini. Pale pale palipo na doa hapakuwa na hata tone la maji. Isitoshe, alilia baridi usiku huo huo. Niliuondoa kabla ya asubuhi.

Tangu hapo nimeutengeneza upya mara tatu, na sasa nadhani nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Nitaeleza, ila kwanza nataka kusikia kwa wanaojua kuhudumia wagonjwa na wanaojua hesabu, maana sitaki mtu mwingine aige kosa langu la kwanza.

Sista_wa_Usiku

Pole kwa mama, fundi. Mimi ni muuguzi, na nimelisoma andiko lako mara mbili.

Kwanza asante kwa kueleza lile doa sawasawa. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta pale palipobadilika rangi kuliko pembeni, pana joto au pamepoa kuliko pembeni, pagumu au pamelegea. Watu wa nyumbani wangejua hilo tu, vidonda vingi vingegunduliwa mapema.

Pili, ule mkono uliopenyeza ndio kipimo chenyewe. Tunafanya hivyo wodini: kiganja kinatazama juu, kinapita chini ya tabaka, pale mfupa ulipo. Usipokuta angalau inchi moja ya kitu ambacho hakijabanwa, tabaka hilo halifanyi kazi hata kama ni la bei gani.

Tatu, na hili nasema kwa sababu nimeliona sana: msiweke glavu zilizojazwa maji chini ya visigino. Zamani lilikuwa jambo la kawaida. Miongozo ya kimataifa ya vidonda vya mgandamizo, yaani vidonda vya kulala muda mrefu, sasa inakataza glavu za maji, mifuko ya dripu, na pia yale maringi yaliyotoboka katikati kama mandazi ya duara. Ringi linabana mishipa kuzunguka kidonda. Kisigino kining'inie. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani.

Na maji hayamgeuzi mgonjwa. Ratiba ya kumgeuza ibaki palepale.

Fundi_Makochi

Asante sana sista. Hilo la visigino limebadilisha mchoro wangu, utaona.

Mbao_na_Msumari

Kaka, mimi ni seremala wa Gikomba. Uzito ndio unanihusu. Nimeletewa vitanda vilivyovunjika katikati kwa sababu chaga ni za mbao nyembamba za makreti, zimepigwa msumari mmoja kila upande. Ukiongeza kilo 50 na mtu wa kilo 60 na dada anayekaa kitandani kumlisha, hapo pana kilo 170. Weka boriti ya kati yenye tendegu lake linalofika sakafuni, na chaga zisiachane zaidi ya upana wa kiganja.

Lakini swali: kwa nini usiongeze tu maji? Kina cha sentimita 20, aelee kama samaki.

Fundi_Makochi

Boriti ya kati nimeiweka, kaka, asante.

Kuhusu kina cha sentimita 20: kila sentimita moja ya maji ni kilo 10 kwa mita mraba ya sakafu. Sentimita 20 ni kilo 200. Nyumba za kuishi zilizochorwa kwa kanuni za Kiingereza tulizozirithi, sakafu hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi kwa mita mraba kwa watu na vyombo. Sisi tuko ghorofa ya nne. Sitalala usingizi. Na ukichukua kitanda cha tano kwa sita kwa kina hicho, hayo ni zaidi ya lita 550, karibu mitungi 28. Mtaani kwetu maji yanafunguliwa siku mbili kwa wiki.

Mwanafunzi_wa_Mitambo

Fundi, shikamoo. Nasomea uhandisi wa mitambo, naomba niingie kwenye hesabu.

Mama ana kilo 60, tuseme akilala chali anagusa kwa nusu mita mraba. Hiyo ni kilo 120 kwa mita mraba. Kwa kuwa kila sentimita ya maji inabeba kilo 10 kwa mita mraba, anahitaji tofauti ya kina ya sentimita 12 ili abebwe na maji peke yake. Wewe ulimpa 3. Hapo hata plastiki ingekuwa bora namna gani, nyonga zingefika chini.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sentimita 12 za maji ni karibu milimita 9 tu za zebaki. Eugene Landis alipima mgandamizo wa damu kwenye vimishipa vidogo vya kidole mwaka 1930 akapata takriban milimita 32, na namba hiyo imekuwa ikitajwa tangu wakati huo kila vidonda hivi vinapozungumziwa. Sio mstari wa usalama, kwa sababu alipima watu wenye afya, na mzee mgonjwa huumia kwa kidogo zaidi. Lakini inakuonyesha ukubwa wa jambo. Uzito wa mama ukigawanywa sawasawa kwenye mwili wote ni mdogo. Shida ni mfupa mmoja kubeba sehemu ya jirani zake.

Fundi_Makochi

Marahaba kijana wangu, umeeleza kwa mistari michache kitu kilichonichukua wiki tatu.

Sasa nieleze nilichofanya, kwa kuwa hapo ndipo penyewe.

Nilipokuwa nikitafuta nani alianza mambo haya, nilimkuta daktari wa Scotland, Neil Arnott, aliyekuwa akitibu London. Mwaka 1832 alitengeneza kitanda cha maji kwa ajili ya mgonjwa aliyekuwa akioza ngozi kwa kulala. Wengi wanamjua Charles Hall, yule mwanafunzi wa San Francisco wa mwaka 1968 ambaye kwanza alijaribu uji mzito wa wanga ndani ya mfuko kabla ya kugeukia maji. Lakini Arnott alikuwa na mgonjwa mbele yake, kama mimi. Alichukua sanduku, akalijaza maji, akalifunika kwa kitambaa kilichopakwa mpira, na juu yake akaweka kigodoro chepesi. Kitambaa chake kilikuwa kikubwa kuliko mdomo wa sanduku. Kililegea. Na kwa taarifa yenu, hakuchukua hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi), ili kila mtu aweze kutengeneza.

Neno "kililegea" ndilo lililonifungua macho. Mfuko wangu wa kwanza niliukata sawasawa na godoro, kama ninavyokata kitambaa cha kochi, kiwe kimenyooka bila mkunjo. Kwenye kochi huo ndio ufundi. Kwenye maji ni kosa. Ngozi ya mfuko ikikaza, mtu halali juu ya maji, analala juu ya ngozi ya ngoma. Nyonga na mabega vinabeba, kiuno kinabaki hewani.

Kwa hiyo nilibadilisha mambo mawili. Lita ni zile zile hamsini. Nilizitoa miguuni na kichwani nikazikusanya chini ya kiwiliwili, na nikazivalisha ngozi kubwa kuliko zinavyohitaji.

Iko hivi. Juu ya godoro la zamani nimeweka fremu ya sponji ngumu, kimo cha sentimita 10, upana wa sentimita 10, imezunguka kama ukuta. Ndani, sehemu ya kichwa na sehemu ya kuanzia magoti kushuka ni sponji tupu. Katikati, kutoka mabegani hadi mapajani, kuna mifuko minne iliyolala kukata upana wa kitanda, kila mmoja peke yake, umefungwa, hauungani na mwenzake. Kila mmoja unachukua nafasi ya sentimita 71 kwa 23, kina 8, yaani lita 13. Minne ni lita 52. Maji ya nyonga hayawezi tena kukimbilia miguuni kwa sababu hayana njia. Yanaweza tu kwenda kushoto na kulia, yakapanda ubavuni mwa mama na kumshika.

Kipimo cha kukata plastiki naomba mkiandike. Ukitaka mfuko wa upana wa 23 na kimo cha 8, mzunguko wake ni sentimita 62, kwa hiyo ungefikiri ukate vipande viwili vya sentimita 31. Usikate 31. Kata 37, kando na maungio. Mfuko wa namna hiyo ukijazwa hadi uviringike unaweza kumeza maji zaidi ya mara mbili ya tunayoweka. Tunauachia chini ya nusu, na ile ngozi inayobaki inakunjamana juu. Hiyo mikunjo ndiyo inayomfuata mama anapozama. Ukiminya mfuko kwa ngumi, ngumi izame bila plastiki kukuvuta pembeni.

Najua kijana amesema 12 na mimi nina 8. Sentimita zilizobaki zinabebwa na sponji laini niliyotandika juu ya mifuko, ukuta wa fremu, na mvuto kidogo wa ngozi ya mfuko. Nilipopenyeza mkono chini ya nyonga, sista, nilikuta zaidi ya inchi. Nilimwita dada naye apime, mkono wake ni mdogo. Akakuta vilevile.

Jirani_wa_Mlolongo

Fundi nisamehe, mbona usinunue lile godoro la hewa lenye pampu? Mzee wangu alikuwa nalo hospitalini. Linajaa na kupungua lenyewe, linabadilisha sehemu zinazombeba.

Fundi_Makochi

Ndugu, lile ni zuri, na anayeweza kulinunua au kulikodi alichukue. Sishindani nalo. Kwetu stima hupotea mara kwa mara, na mengi ya magodoro yale yakikosa stima hewa hushuka polepole, mgonjwa akajikuta kwenye chaga saa nane za usiku. Maji hayahitaji swichi.

Mama_Watoto_Kayole

Na baridi je? Julai hapa Nairobi usiku unashuka hadi nyuzi 11 au 12. Mimi hata chupa ya maji ya kunywa siigusi asubuhi.

Mwanafunzi_wa_Mitambo

Hapo mama umegusa penyewe. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na yanameza joto jingi kabla hayajapata moto. Chukua hizo lita 52 zikiwa nyuzi 17 chumbani. Kuzifikisha nyuzi 32 unahitaji takriban kilojuli 3,260. Mtu aliyelala anatoa kama wati 75. Maana yake mwili wote ungefanya kazi ya kupasha maji tu kwa saa 12 mfululizo, na usiku umekwisha.

Fundi_Makochi

Ndiyo maana mama alilia usiku ule. Nilikuwa nimemlaza juu ya plastiki na shuka moja.

Vitanda vikubwa vya maji vya Marekani huwekewa hita ya umeme chini. Mimi nimekataa, na ninawasihi msijaribu. Maji, waya wa volti 240 na mgonjwa asiyeweza kuruka kitandani, hapana. Msitie hata blanketi la umeme.

Dawa yake ni sponji laini ya inchi mbili juu ya mifuko. Kijana alinipigia hesabu kwa faragha: bila kitu, maji yanaendelea kunyonya joto usiku kucha. Kwa sentimita tano za sponji joto linalopotea kwenda chini linashuka hadi wati 10 hivi, na hata sponji ikibanwa nusu ni kama 20. Mwili unaimudu hiyo. Tena sponji inaacha hewa kidogo ipite, kwa sababu plastiki haipumui na jasho likikaa chini ya mgongo ngozi inalainika na kuchubuka. Shuka la pamba, siyo lile la nailoni linaloteleza.

Inchi mbili tu. Nilijaribu inchi nne, na mama akawa hayajui maji kama yapo. Sponji nene ikawa inambeba yenyewe na maji yakabaki ya bure huko chini. Hii ni mizani: nyembamba mno analala na baridi, nene mno umerudi kwenye godoro la kawaida.

Sista_wa_Usiku

Fundi, swali la wodini. Mnapomlisha, kichwa mnakiinua kiasi gani? Ukimwinua sana anateleza kuelekea miguuni, ngozi inabaki nyuma na mfupa unakwenda mbele. Mvutano huo unapasua ndani kabla hujaona kitu nje, na juu ya mifuko laini ataserereka upesi zaidi. Asipokuwa anakula, msipite nyuzi 30 za mwinuko. Na mnapomlaza ubavu, msimlaze ubavu kamili juu ya mfupa wa paja. Mwinueni upande mmoja kwa mto, nyuzi 30 hivi pia.

Fundi_Makochi

Tulikuwa tunamwinua kupita hapo, sista. Leo jioni nimekata kabari ya sponji ya nyuzi 30 kamili, na nyingine ndogo ya kuweka chini ya magoti ili asiserereke. Zote mbili kwa mabaki ya kiti cha mteja. Dada amefurahi kwa kuwa mito ilikuwa inakimbia.

Mbao_na_Msumari

Kuvuja?

Fundi_Makochi

Swali la maana. Usishone kabisa. Kila tundu la sindano ni bomba. PVC inaunganishwa kwa hewa moto na kubanwa kwa rola, na watu wenye mashine hizo ni wale wanaotengeneza maturubai ya malori na majumba ya kuruka ya watoto. Nilikwenda kwa mmoja akaniunganishia maungio ya upana wa vidole viwili. Turubai la lori lenyewe nililijaribu likanishinda: ni gumu, halikunjiki, nguvu zake ni za kupambana na mvua. Karatasi ya dam laina za shambani nazo zinapiga kelele mtu akijigeuza. Tyubu za magari zina umbo la duara na vali inayochoma. Plastiki laini ya nusu milimita ndiyo iliyonifaa.

Mdomo wa kujazia uwe mwishoni mwa mfuko, kando ya ukuta wa fremu, usiwe chini ya mwili. Chini ya mifuko yote minne nimetandika turubai lililopinda kingo kama sinia, ili mfuko ukipasuka lita 13 zibaki humo zisifike kwenye godoro wala kwa jirani wa chini. Hii ndiyo faida nyingine ya mifuko minne badala ya mmoja.

Kabla ya mfuko wowote kuingia nyumbani naujaza, naulaza kati ya mbao mbili, naweka mawe ya kilo mia juu, naacha siku nne. Nikiona hata jasho kwenye ungio, haupiti.

Mama_Watoto_Kayole

Maji hayaozi humo?

Fundi_Makochi

Ukitumia maji safi ya bomba, ukatoa hewa yote kabla ya kufunga, na mfuko ukakaa gizani, mwani hauoti. Utelezi unaweza kuja taratibu. Mimi nabadilisha kila baada ya miezi sita: mpira mwembamba, navuta, yanamwagikia kwenye karai, tunayatumia kudekia na chooni. Kutoa hewa ni muhimu pia kwa sababu nyingine. Povu likibaki ndani linapiga kelele ya tumbo kila mgonjwa akipumua, na mama alidhani ni panya.

Jirani_wa_Mlolongo

Doa limefikia wapi, fundi? Hukusema.

Fundi_Makochi

Ngozi haikupasuka. Lile doa lilianza kufifia ukingoni wiki ya pili, sasa limebaki kama alama ya sarafu na halina joto. Tulikuwa tunamgeuza muda wote huo, na sista wa zahanati anakuja kila Alhamisi, kwa hiyo siwezi kuyapa maji sifa yote. Ninachojua ni kwamba juzi dada alikwenda kumgeuza saa tisa usiku akamkuta amelala fofofo, na mama yangu alikuwa hajalala fofofo tangu aanguke.

Mfuko wa tano wa akiba uko karakana kati ya mbao mbili tangu Jumatatu. Ijumaa nitaupapasa maungio. Ukiwa mkavu nitaubeba nyumbani, niubadilishe na ule wa nyonga ambao nimeuona una mkwaruzo.